Uzi Sitoi

Ukirudi kazini na cheti kipya, swali la kwanza utakaloulizwa kwenye chumba cha chai ni moja: "Wamekuongezea shilingi ngapi?" Nimeulizwa mimi, na kabla yangu nilikuwa nimewauliza wengine, kwa hiyo simlaumu mtu. Dar es Salaam kodi ya nyumba inadaiwa ya miezi sita kwa mkupuo, na mwenye nyumba hapokei cheti. Jibu langu lilikuwa sifuri. Nilisoma mwaka mzima uuguzi wa chumba cha upasuaji, nikarudi kwenye thieta ileile, toroli lilelile, mshahara uleule. Hata hivyo ningeambiwa kesho nianze upya, ningeanza. Na Jumamosi zangu nyingi tangu wakati ule nimezitoa kwa kazi ya kuongoza wauguzi wenzangu, kazi isiyo na posho wala nauli. Nimeona niandike kwa kirefu kwa nini, maana kila mwaka kuna mdogo wangu wa kazi ananiuliza, na kila mwaka namjibu nusunusu kwa kuwa mgonjwa yuko mlangoni.

Nianze na usiku mmoja. Hospitali siitaji, kwa sababu ungeweza kutokea popote.

Nilikuwa na miezi mitatu thieta. Sikuomba kwenda huko, nilipangiwa, kama wengi wetu tulivyopangiwa. Ijumaa uko wodini, Jumatatu unakuta jina lako kwenye karatasi ya zamu ya thieta, unapewa kofia na barakoa, unaambiwa simama hapo uangalie. Ndivyo kazi hii ilivyorithishwa kwa miaka mingi, na sidharau hata kidogo. Wapo wauguzi waliofundishwa hivyo ambao mikono yao inampa daktari kifaa kabla hajakitaja. Lakini mtu anayefundishwa kwa kuangalia anarithi kila kitu cha yule anayemwangalia, pamoja na makosa yake.

Usiku huo aliletwa mama aliyekuwa anavuja damu baada ya kujifungua kwa upasuaji. Tuliingia na mpango mmoja, katikati ukabadilika, daktari akaamua kutoa kizazi. Mimi nilikuwa rana, yaani yule muuguzi anayezunguka nje ya meza: kufungua vifurushi, kuongeza nyuzi, kukimbilia damu maabara, na kuandika hesabu ya kila gozi, yaani kitambaa cha kunyonya damu, inayoingia. Gozi kubwa za tumboni zinafungwa tano tano. Skrabu, yaani muuguzi aliyenawa na kuvaa gauni anayesimama mezani na daktari, anazitenganisha moja moja, mnahesabu wawili kwa sauti, rana anaandika. Thieta ile haikuwa na ubao. Tuliandika kwenye kipande cha boksi la glavu. Kipande changu kilikuwa kimelowa maji ya dripu, wino umeanza kutambaa. Nilipofungua kifurushi cha nne daktari alikuwa anaita, "Gozi! Gozi!", nikakitoa mezani bila kuandika. Nikajiambia nitaandika baadaye.

Damu ikasimama. Presha ikaanza kupanda. Mtu wa usingizi akakaa kwenye stuli kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Daktari akanyoosha mkono kupokea uzi wa kufunga tumbo.

Skrabu alikuwa mama wa makamo, rika la mama yangu mzazi, mwenye zaidi ya miaka ishirini kwenye kazi hiyo. Hakutoa uzi. Aligeuka akaniuliza mimi.

"Mwanangu, imetimia?"

"Imetimia, Mama."

Akanitazama juu ya barakoa. "Imetimia kweli?"

Zile tulizozitoa tumboni tulikuwa tumezitandika sakafuni juu ya mpira, tano tano, nzito kwa damu. Nikazihesabu upya: kumi na tisa. Kwenye boksi nilikuwa nimeandika kumi na tano. Hapo ndipo kifurushi cha nne kilinirudia kichwani. Zilipaswa kuwa ishirini.

"Sijui, Mama."

Daktari alikuwa mkubwa, anayeheshimika, na amesimama kwa miguu yake tangu asubuhi. Akasema mgonjwa amechoka, apewe uzi afunge. Yule mama alikuwa na kishikio cha sindano mkononi, uzi umeshapachikwa. Akakirudisha kwenye toroli, akaweka kiganja chake juu yake.

"Nisamehe, Daktari. Uzi sitoi. Hesabu haijakaa sawa, tuangalie kwanza."

Hakupaza sauti. Sijui kilichukua muda gani, pengine dakika nne, daktari akiingiza mkono kila upande wa tumbo na hakuna anayesema neno. Gozi ilikuwa ndani, upande wa kushoto, imejibanza pembeni ya utumbo, imelowa hadi haitofautiani na mwili wenyewe. Aliitoa, akaiweka kwenye kidni dishi, akasema, "Ya ishirini." Kisha akanyoosha tena mkono, na mama akampa uzi.

Asubuhi, kwenye chumba cha chai, yule mama alinikatia nusu ya andazi lake. Sikuweza kula. Akaniuliza kwa nini nilisema imetimia. Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa. Akasema, "Mimi mwenyewe namwogopa yule baba. Ila nimesoma, mwanangu. Nikikataa, najua ninachokataa kimeandikwa."

Neno hilo ndilo lililonipeleka darasani.

Baadaye sana nilikutana na utafiti wa Atul Gawande na wenzake wa Massachusetts, Marekani, uliochapishwa mwaka 2003. Walichunguza wagonjwa 54 waliosahauliwa vitu mwilini, na zaidi ya nusu ya vitu hivyo vilikuwa gozi. Upasuaji wa dharura uliongeza hatari hiyo mara tisa. Mpango kubadilika katikati ya upasuaji uliiongeza mara nne. Usiku wetu ulikuwa na vyote viwili. Lakini kilichonitoa jasho ni hiki: katika matukio ambayo hesabu ya mwisho ilifanyika, asilimia 88 zilitangazwa kuwa zimetimia. Yaani kulikuwa na mtu kama mimi, amesimama na kipande chake cha karatasi, akasema imetimia, na akaaminiwa. Ndiyo maana namwambia kila anayekuja thieta kwamba hesabu isiyotimia haitishi kama inavyotisha hesabu iliyotimia mdomoni tu.

Kupata ruhusa ya kwenda kusoma kulinichukua miaka miwili. Mara ya kwanza barua yangu ilijibiwa kwa mdomo: "Ukienda wewe, thieta nani atabaki?" Mara ya pili haikujibiwa kabisa. Mara ya tatu yule mama alikwenda nayo mwenyewe ofisini, akakaa kwenye benchi mpaka ikasainiwa. Ada nililipa mwenyewe kwa mchezo wa kupeana fedha kwa zamu tuliokuwa tunacheza wodini, wenzangu wakanipisha nipokee mwanzo. Nayataja haya ili anayesoma ajue kwamba cheti cha mtu mmoja mara nyingi kina migongo ya watu kumi.

Nilijifunza nini? Watu wanategemea nitaje vitu vikubwa. Nitataja tepu.

Kila aliyefanya kazi thieta anaijua ile tepu inayofungia vifurushi vya vifaa kabla ya kuingizwa kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Inaingia na mistari hafifu, inatoka na mistari myeusi. Kwa miaka yote niliyofanya kazi kabla ya kusoma, mistari myeusi kwangu ilimaanisha vifaa ni salama, basi. Darasani nikaambiwa kwamba tepu inakuonyesha kifurushi kimepita kwenye joto, na haikuonyeshi kilichotokea ndani yake. Mvuke unatakiwa ufike kwenye kila kifaa, nyuzi joto 121 kwa angalau dakika 15, au 134 kwa angalau dakika 3, na ukishindilia vifurushi hadi mlango unafungwa kwa kusukuma, mvuke hautapita katikati. Ndiyo maana kiashiria cha ndani, kikaratasi kinachobadilika rangi mvuke ukikifikia, kinawekwa katikati ya kifurushi chenyewe. Na kifurushi kikitoka kimelowa hakianikwi dirishani kikauke, kinarudishwa mwanzo, kwa sababu kitambaa chenye maji kinavuta vijidudu kutoka nje kwenda ndani. Nilikaa pale nikakumbuka vifurushi vingapi nimeanika dirishani. Nilikuwa navianika kwa uaminifu kabisa, kama nilivyoonyeshwa.

Niliporudi kazini nikakuta kifurushi kimelowa, nikakirudisha. Mwenzangu akaguna. Nikamweleza sababu, na siku iliyofuata alikirudisha yeye. Hapo hakuna shilingi iliyoongezeka, lakini kuna mgonjwa ambaye kidonda chake kilifunga bila usaha, na hatajua kamwe.

Nina rafiki tuliyesoma naye uuguzi, sasa yuko Houston. Yeye amefanya mtihani wa wenzetu wa Marekani unaoitwa CNOR. Kule leseni ya uuguzi ni kitu kimoja na cheti cha ubingwa wa thieta ni kitu kingine juu yake. Huruhusiwi kukaa kwenye mtihani huo mpaka uwe na miaka miwili na saa 2,400 za kazi ya upasuaji, nusu yake zikiwa ndani ya chumba chenyewe wakati mgonjwa yuko mezani. Maswali ni 200. Ukifaulu, cheti kinadumu miaka mitano kisha unakihuisha. Nilimwuliza ni nani anayetunga maswali hayo, nikidhani ni maprofesa. Akaniambia ni wauguzi wa thieta wenye cheti hichohicho, wanaojitolea kukaa kwenye kamati na kuandika swali, kulijadili, kulitupa, kuandika jingine. Chama chao chenyewe, AORN, kilianza mwaka 1949 pale wasimamizi wachache wa vyumba vya upasuaji vya New York walipoanza kukutana baada ya kazi. Chombo cha kutahini kilikuja mwaka 1979. Kwa hiyo miaka thelathini ya watu kukutana ilitangulia mtihani.

Nililifikiria hilo muda mrefu. Huku kwetu leseni tunapewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya Sheria ya mwaka 2010, tunaihuisha, na tunatakiwa kuonyesha kwamba tunaendelea kujifunza. Huo ni msingi mzuri na lazima uwepo. Lakini kazi ya thieta imekua kuliko tulivyokua sisi. Mwishoni mwa mwaka 2017 Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini. Pale pale uwanjani kuna MOI, Taasisi ya Mifupa, wanaofungua vichwa na migongo, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wanaofungua vifua vya watoto wadogo. Kila moja ya meza hizo ina muuguzi aliyesimama pembeni na toroli la vifaa ambavyo havikuwapo mama zetu walipokuwa wanajifunza. Muuguzi huyo hawezi kutegemea kupangiwa zamu tu na kusimama aangalie.

Sasa nije kwenye neno linalonipa taabu: kujitolea.

Ukimwambia msichana wa Dar aliyemaliza stashahada ya uuguzi kwamba ajitolee, anajua unachosema, kwa sababu tayari anajitolea. Ana leseni mkononi, ajira bado, anaamka saa kumi usiku Chanika au Mbagala Rangi Tatu ili afike zamu ya asubuhi, anafanya kazi ileile ya aliyeajiriwa, na mwisho wa mwezi anapewa nauli, au hapewi. Wako wengi. Halafu unatokea wewe mwenye mshahara unamwambia ajitolee tena Jumamosi kwenye kikundi chetu cha wauguzi cha kujifunzia. Nilifanya kosa hilo mwaka wangu wa kwanza wa uongozi. Nilimsema binti mmoja mbele za watu kwa kukosa vikao viwili. Hakunijibu. Mwenzake akaniambia baadaye kwamba Jumamosi ndiyo siku anayouza maandazi na karanga kituoni ili apate nauli ya wiki. Nilikwenda kumwomba radhi, na nikaenda na mabadiliko: tangu siku ile, kwenye kikundi chetu asiye na ajira hachangii, na nauli yake tunailipa sisi wenye mshahara. Msimamo wangu hapa ni mkali, na najua wapo wasioupenda. Uongozi wa kujitolea ni deni la mwenye kitu. Asiye na kitu tayari ametoa.

Kikundi hakina jina. Kilianzia kwenye baraza ya yule mama, nyumbani kwake Tabata, alipokuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Tulikuwa wanne, tukikaa kwenye mkeka, yeye kwenye kiti cha plastiki, akituuliza maswali kutoka kwenye kaunta buku la kwaya mbili alilokuwa ameliandika mwenyewe miaka yote: majina ya vifaa, mpangilio wa toroli kwa kila upasuaji, na makosa. Kurasa za makosa zilikuwa nyingi kuliko nyingine. Hakuandika jina la mtu. Aliandika kilichotokea, kilichosababisha, na nini kifanyike. Usiku wangu ulikuwemo, mistari mitano, na mwisho wake: "Thieta haina ubao. Muuguzi mpya hakufundishwa kuandika kabla ya kutoa."

Siku ya kustaafu kwake tulikula pilau, akasimama, akanikabidhi lile kaunta buku mbele ya watu. Nilidhani ni zawadi. Akasema, "Kurasa zimebaki." Ndivyo nilivyokuwa katibu.

Kazi ya katibu haina utukufu wowote. Ni kupiga simu. Ni kukumbusha. Ni kuandika barua ya kuomba ukumbi na kuambiwa ukumbi una kikao kingine. Ni mvua za Aprili kufunga Jangwani na nusu ya watu kukwama upande wa Magomeni, na wewe uliyefika unafundisha watu watatu kwa bidii ileile. Ni kuhimiza wenzako wajiunge na Chama cha Wauguzi Tanzania na walipe ada, huku kila mmoja anakuuliza chama kimemfanyia nini. Nimejifunza kutobishana na swali hilo. Nawaalika tu Mei 12, Siku ya Wauguzi, tunapowasha mishumaa na kurudia kiapo. Mtu akisimama na mshumaa wake katikati ya wenzake mia kadhaa waliovaa nyeupe, kuna kitu kinamrudia, na Jumatatu anakuja kuuliza fomu.

Kitu cha kwanza tulichofanya na michango yetu ni ubao. Tulikwenda wawili Kariakoo, tukauzunguka mtaa mzima, tukapata ubao mweupe kwa shilingi 48,000 baada ya kuomba kupunguziwa hadi muuzaji akatupa na kalamu mbili za bure. Tulirudi nao kwenye daladala tumeukumbatia. Tukauchora mistari kwa rangi ya kucha ili isifutike: gozi kubwa, gozi ndogo, sindano, visu, vifaa, mwanzo, nyongeza, kabla ya kufunga tumbo, kabla ya kufunga ngozi. Ukatundikwa pale ambapo daktari akiinua macho anauona. Mpaka leo ile mistari ya rangi ya kucha ipo, nyekundu.

Kitu cha pili kilikuwa kigumu zaidi, nacho ni mdomo.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, vipengele 19 vinavyosomwa kwa sauti katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka thieta. Ilijaribiwa kwenye hospitali nane za miji minane duniani. Kulikuwa na London, Seattle, Toronto, Auckland, na kulikuwa na Ifakara. Ifakara yetu, ya bonde la Kilombero. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kila nikifundisha, hapo ninasimama kidogo, kwa sababu vijana wetu wanaiona ile karatasi kama kitu cha Wazungu kilicholetwa tukijaze. Wagonjwa wa Ifakara wamo ndani ya takwimu zile. Wauguzi wa Ifakara ni miongoni mwa walioisomea dunia orodha hiyo.

Kwenye orodha hiyo kuna kipengele kinachotaka kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake kabla ya kisu. Kinaonekana chepesi. Kwetu si chepesi hata kidogo. Binti wa miaka ishirini na tatu atamke jina lake mbele ya profesa ambaye maisha yake yote amemwita Prof, na yeye anaitwa "wewe Sista"? Nimewaona wakilitaja jina chini chini ndani ya barakoa. Lakini nimeona pia kwamba aliyelitamka kwa sauti saa mbili asubuhi, saa tano akiona glavu ya mtu imetoboka, anasema. Aliyenyamaza asubuhi hunyamaza mchana.

Basi tulianza kufanya mazoezi ya kukataa. Palepale barazani. Mmoja anakuwa daktari, anakasirika, anaharakisha, mwingine anakuwa skrabu mwenye hesabu pungufu. Na hapo ndipo tulipogundua kwamba shida yetu imo ndani ya lugha tunayoipenda. Kiswahili chetu cha adabu kimejaa kuomba. "Samahani Daktari, naomba tusubiri kidogo." Maneno mazuri, lakini ombi lina majibu mawili, na mtu mwenye haraka atachagua lile la hapana. "Daktari, nina wasiwasi." Akajibu aliyeigiza daktari, mara moja, "Ondoa wasiwasi." Tukacheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu sote tulishajibiwa hivyo. "Hesabu haijatimia" ilikuwa bora, ni habari, haiombi. Lakini habari anaweza kuipokea na bado akaendelea kufunga. Tulikaa Jumamosi mbili nzima tukitafuta sentensi. Mwisho tukarudi kwa mama mwenyewe, aliyekuwa ameketi pembeni akichambua mchele, tukamwambia arudie alichosema usiku ule.

Akarudia. Nisamehe, Daktari. Uzi sitoi. Hesabu haijakaa sawa, tuangalie kwanza.

Tukaichambua kama shairi. Nisamehe inatangulia, heshima imelipwa, hakuna atakayesema umemkosea mkubwa. Kisha sitoi, ambayo haimwambii yeye afanye nini, inamwambia wewe hufanyi nini, na mkono wako ni wako. Kisha sababu, fupi, haina lawama. Kisha tuangalie, sote, yeye akiwemo. Tuliiandika kwenye kaunta buku, tukaanza kuifanyia mazoezi hadi ikatoka bila kutetemeka. Rana ana yake: "Nisamehe, Daktari. Hesabu siisaini." Mtu wa usingizi ana yake. Wapo madaktari wawili vijana walioomba kuja kuigiza nafasi yao wenyewe, nao wakawa wakali kweli, na mwishoni mmoja akasema hajawahi kujua kwamba anatisha hivyo. Alisema kwa huzuni. Tangu hapo anakuja akiwa hana zamu.

Kama ningeulizwa mtihani wetu wa ubingwa, siku tutakapoutunga, uwe na nini, ningetaka joto la otoklevu liwemo, na ulazaji wa mgonjwa, na majina ya vifaa, yote hayo. Lakini ningetaka pia kila mtahiniwa asimame mbele ya daktari aliyekasirika na akatae uzi kwa adabu. Na ningetaka watunzi wawe watu wa baraza kama ile, watu waliowahi kusema imetimia bila kujua.

Yule mama sasa miguu inamsumbua, haji tena kila wiki. Tukimkuta nyumbani anauliza swali moja moja kutoka kichwani, na bado anatushinda.

Mwezi uliopita, saa saba usiku, simu yangu iliita. Alikuwa yule binti wa maandazi. Sasa ana ajira, kwenye hospitali nyingine hapahapa mjini. Alikuwa ametoka thieta dakika hiyo, anaongea harakaharaka, nyuma yake nasikia toroli likisukumwa. Gozi zilikuwa ishirini na nne, zilitakiwa ishirini na tano. Alisema maneno yote, hakuruka hata moja. Daktari alinyamaza, kisha akasema, "Haya, tutafute." Walipekua tumbo halina kitu, wakapekua ndoo, wakaikuta imekunjika ndani ya shuka la upasuaji, upande wa miguu. Walichelewa dakika kumi na mbili. Nikamwuliza daktari alisemaje baadaye. Akasema hakusema kitu, alimwomba tu awe naye kwenye orodha ya kesho.

Kisha akaniuliza ile kozi ya mwaka mmoja inaanza lini, na kama nitamwandikia barua ya udhamini wa kitaaluma. Nikamwuliza kama ameshamwona mkubwa wake kuhusu ruhusa. Akasema ameambiwa thieta nani atabaki.

Barua nimeiandika. Jumatatu nimechukua siku moja ya likizo, nitakwenda naye ofisini kwao tukakae kwenye benchi. Jumamosi tunafanya ulazaji wa mgonjwa mezani, kuanzia viwiko na visigino. Mito naleta mimi.